Ukungu wa Ndani

Newala mwezi wa saba huamki, unaamshwa
na baridi inayokutia mkono shingoni.
Ukungu umekaa barabarani kama mgeni asiyejua kuaga,
jogoo anawika humo ndani, humwoni.

Mvua ya mwisho tuliizika mwezi wa nne.
Sasa niambie:
lile tone lililomwangukia Bahati kwenye paji la uso
saa kumi na moja alfajiri,
limetoka wapi?

Nilipanda na kopo la lami.
Nikaziba kila kichwa cha msumari,
hata visivyokuwa na kosa.
Usiku uliofuata, to.
To, juu ya chandarua.
To, ndani ya kiatu cha shule.
Jirani yangu Nambunga akaninong'oneza
kuna watu hawakuipenda korosho yako ya mwaka jana.

Kweli, pesa ilikuwa ya korosho.
Gunia kumi na tisa, mnada wa pili,
nikasema bati halitatuchoma tena mchana
wala kututetemesha usiku.
Nikanunua sufi,
nikaishindilia juu ya dari mpaka ikagusa bati,
na kwa ajili ya popo
nikaziba upenu kwa saruji, mzunguko mzima.
Nyumba yangu sasa ni chupa, nikajisifu.
Chupa, kweli.

Fundi aliyekuja anaitwa Somoe Chilumba.
Hakutazama bati. Alitazama sufuria.
— Mnalala wangapi?
— Sita.
— Na chai?
— Humu humu, nje baridi.
— Na nguo mnaanika wapi, na ukungu huu?
Nikaangalia kamba. Ilikuwa imeshajibu.

Akapanda, akabandua ubao mmoja wa dari,
akazamisha mkono hadi kiwikoni,
akautoa na donge la sufi
zito kama andazi lililosahauliwa kwenye chai.
Papi juu yake zimeota madoa meusi.
"Huu nao ni ukungu," akasema.
"Waliovipa jina moja hawakukosea.

"Haya si maji ya mawingu, ni yenu.
Kila mmoja hapa anapumua kikombe kizima usiku kucha,
birika nalo linapumua,
na pumzi ya moto haikai chini.
Inapita pale waya wa taa ulipotoboa dari,
inapenya sufi, inakuta bati limepoa,
inatafuta mlango, hakuna.
Inageuka tone."

Nilicheka, halafu sikucheka.
Bibi mzaa mama aliyafuata maji bondeni,
akaondoka na mtungi kabla ya jogoo,
akarudi jua limesimama,
na njia ya kurudi yote ni kupanda.
Angesikia kwamba sisi tunayapumua,
tunayafungia darini yakaozesha mbao,
angenitazama tu.

Kazi ilikula siku tatu.
Sufi nzima tuliianika uani, iliyooza tukaichoma.
Tuliziba dari kwa chini, kila ufa, kila tundu la waya,
kumbe pa kuziba palikuwa pale.
Upenu niliuvunja mwenyewe kwa nyundo,
saruji yangu, aibu yangu.
Matundu yakarudi, yamevaa wavu:
popo abaki kwake, upepo upite.
Kwenye mgongo wa paa Somoe akainua kofia ya bati
vidole viwili.
Sufi ikarudi, safari hii imelala legelege,
na kati yake na bati ikaachwa shubiri moja tupu.
"Hapo msiweke kitu," akaonya.
"Hapo ndipo nyumba inapomezea mate."

Jiko limehamia kibaraza cha nyuma,
Asumini ananung'unika kwamba chai inafika imepoa.
Ukutani kwa Bahati rangi ya mafuta bado imevimba,
sijaikwangua.

Leo alfajiri nimelala macho, nasikiliza.
Nje ukungu, mzito, uko kwake.
Upepo unaingia upenuni, unatokea mgongoni,
hausemi kitu.
Bahati amejigeuza.
Paji lake kavu.